Kisu Nilichokirudisha Dukani

Kisu changu cha kwanza nilikishona ndani ya gunia la karafuu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mshona magunia katika ghala moja kule Malindi, mjini Unguja. Gunia likishajazwa na kupimwa, wachukuzi walilisimamisha mbele yako. Unakunja mdomo wake, unapitisha shazia, ile sindano yetu kubwa, na uzi wa katani kutoka pembe hii mpaka ile, unapiga fundo, unakata. Mkono mmoja umeshika gunia, wa pili unashona, na kisu kinakosa mkono. Wenzangu walikibana menoni. Mimi nilikuwa nakiweka juu ya karafuu zenyewe, mbele ya macho yangu, na kabla ya kuifunga pembe ya mwisho nakitoa. Nilifanya hivyo miaka sita. Siku hiyo tulikuwa katika mazungumzo, mwenzangu aliyekaa ubavuni akanikatia uzi kwa kisu chake, gunia likaondoka. Nilipokuja kupapasa kisu, gunia lilikuwa limeshaingia katika rundo, na magunia ya karafuu yote ni sura moja.

"Yakhe, kisu chako kinasubiri meli," alisema yule mwenzangu.

"Kimekwenda Bombei," akadakia mwingine. "Bwana wake hajapita hata kisiwa cha Chumbe, kisu kinakwenda Bombei."

"Usijali. Kikifika kitakuandikia."

Nilicheka nao. Hayo yalikuwa maneno ya ghalani, na mimi pia ningeyasema kwa mwingine. Siku chache nikawa naazima visu vya watu, kila fundo nanyoosha mkono, na msimamizi akaanza kuniangalia. Tulilipwa kwa gunia. Katika msimu, mshonaji anayechelewa alitolewa mstarini na nafasi yake ikachukuliwa na mtu aliyekuwa amesimama mlangoni tangu Alfajiri. Watu hao mlangoni walikuwapo siku zote.

Nyumbani kwetu Kikwajuni mke wangu alikuwa mgonjwa. Ugonjwa ulimwanzia tumboni baada ya mfungo wa Ramadhani, tukadhani ni vichango, kisha ukawa haushuki wala haupandi. Chakula kiliingia kikatoka. Uji ulitoka, maziwa yalitoka, hata maji ya dafu yalitoka. Kitu pekee kilichokaa kilikuwa chungwa. Daktari aliniambia nisihangaike na mengine, kama ni machungwa basi machungwa, mradi kitu kiingie kila siku, kidogo kidogo. Aliyasema hayo huku akiandika, bila kuninyanyulia macho, nami nikaelewa kwamba hakuwa na la zaidi.

Ulikuwa msimu wa machungwa. Yalikuja sokoni Darajani kwa magari kutoka upande wa Kizimbani, ya kijani, ganda limegandamana na nyama. Chungwa la Unguja huwezi kulimenya kwa vidole. Ukijaribu linapasuka, na mafuta ya ganda yanaingia ndani, yanawasha hata midomo ya mtu mzima wa afya. Lazima kisu. Na visu vyetu vya nyumbani vilikuwa vya mhunzi, chuma kitupu, ukikata ndimu vinakuwa vyeusi palepale. Mke wangu alikuwa akiweka kipande mdomoni, anakishikilia kidogo, kisha anakitema kwa adabu pembeni mwa kanga.

"Nini?" nilimuuliza.

"Naona kama nalamba msumari."

Nilimwambia mdomo wa mgonjwa ndivyo ulivyo. Hakubishana. Hakuwa mtu wa kubishana hata alipokuwa mzima.

Basi nilikuwa nahitaji kisu, na nilikuwa na uwezo wa kisu kimoja. Nilikwenda Darajani kwa Mhindi mmoja mzee aliyeuza misumari, bawaba na kufuli. Alinitolea visu viwili vya kukunja, vya kutia mfukoni, vya ukubwa mmoja na mpini wa pembe. Bapa la kimoja lilikuwa la kijivu kilichoiva, la kingine jeupe kama sahani ya harusi.

"Hiki ni feleji," alisema, akikigusa cha kijivu. "Kinashika makali. Lakini kinataka mafuta kila siku. Ukikisahau mfukoni na jasho, asubuhi kina kutu. Hiki cheupe hakijui kutu. Kitie baharini leo, kitoe mwakani, ni kilekile. Lakini makali yake ni mgeni, hayakai."

"Bora kipi?"

"Bwana, wewe unakata nini?"

Nikasema nakata nyuzi za magunia. Akakisukuma cha kijivu kuelekea kwangu. Kisha nikasema, na machungwa.

"Ya biashara?"

"Ya mgonjwa."

Yule mzee alifuta vidole vyake kwa kitambaa. "Cha kijivu kinapigana na chungwa," alisema. "Cheupe hakipigani." Akavifunga vyote viwili katika karatasi. "Chukua vyote. Jaribu. Kesho kabla ya Magharibi niletee kimoja."

Alinijua kwa sura tu, si kwa jina. Mpaka leo wema ule unanikaa vibaya, maana kama angeniuzia kimoja na kunifukuza, ningekuwa na pa kusingizia.

Jioni hiyo nilikaa nyuma ya pazia, nikamenya machungwa mawili, moja kwa kila kisu. Cha kijivu kilimenya vizuri zaidi, ganda likatoka jembamba, limejikunja kama utepe, lakini nyuma yake kiliacha mstari wa kijivujivu juu ya nyama nyeupe ya chungwa, na bapa lenyewe likapiga wingu la buluu. Cheupe hakikuacha kitu. Niliweka vipande katika kisahani, kulia vya hiki, kushoto vya hiki, nikampelekea mke wangu. Sikumwambia kipi ni kipi.

Alianza na kipande cha kulia. Akakishikilia mdomoni, akakigeuza, akakimeza kwa sababu nilikuwa namtazama. Kisha kushoto. Alikula kipande, akala cha pili. Akanyoosha mkono mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya siku nyingi, akachukua cha tatu.

"Hili umelipata wapi?" aliuliza.

"Yote ni fungu moja."

"Hili halina msumari."

Akamaliza upande wa kushoto wote. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Makunduchi kumwuguza mwanawe, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango akisuka ukili. Aliacha kusuka. Niliona mikono yake imetulia mapajani mpaka kisahani kilipokuwa kitupu upande mmoja.

Kwa hiyo nilijua. Mtu asiniambie hukujua. Nilijua kabla jua halijatua.

Asubuhi nilikwenda navyo ghalani. Nilianza na cheupe. Magunia ishirini ya mwanzo kilikata kama kisu chochote. Baada ya hapo kikaanza kusita, uzi unalala chini ya bapa, unasokota, unakatika kwa kuvutwa. Nilikinoa. Nilikuwa na kinoo changu kidogo, nakiweka chini ya msuli niliojifunga kiunoni. Kikakata tena kidogo, kikasita tena. Nikachukua cha kijivu. Nilikata nacho mpaka adhana ya Alasiri, na kilikuwa bado kinanyoa malaika, zile nywele laini za mkono.

"Hicho ndicho kisu," alisema mwenzangu wa ubavuni. "Hicho kingine mpe bibi harusi ajitazamie."

"Hakishiki kutu."

"Hata sahani haishiki kutu. Utashona magunia kwa sahani?"

Nilimwambia nina mgonjwa wa machungwa. Alinitazama, akaona aibu ya mzaha wake, akasema, "Mungu ampe shifaa." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaongeza, "Lakini ukitolewa mstarini, hayo machungwa utayapata wapi?"

Neno hilo nilirudi nalo nyumbani kama mtu aliyepewa cheti. Lilikuwa la kweli. Lakini na hili lilikuwa la kweli: ningeweza kukinoa kile cheupe mara tatu kwa siku. Ningechelewa kidogo. Labda msimamizi angenitoa, labda asingenitoa. Kinoo nilikuwa nacho. Nilichokuwa sikitaki ni kukaa mbele ya wenzangu, mshonaji wa miaka sita, nikivuta uzi kwa kisu kinachong'aa, na wao wakicheka. Sina namna nyingine ya kulisema.

Palikuwa na jambo jingine, nalo nililitumia. Kwetu, mgonjwa aliyelala muda mrefu huwekewa chuma chini ya mto, kama mtoto mchanga anavyowekewa, ili wasiomtakia mema miongoni mwa viumbe tusiowaona wasimkaribie. Mama mkwe alikuwa ameweka kisu cha jikoni, lakini kilikuwa kikihitajika kila saa, kikitolewa na kurudishwa, na jambo hilo lilimtia wasiwasi. Alitaka kisu kipya kilale pale kila nirudipo kutoka kazini. Nilipofika nyumbani nilimwonyesha vyote viwili.

"Mama, kipi kinafaa kuwekwa chini ya mto?"

Nilijua atajibu nini kabla sijamwuliza.

Alikishika cheupe, akakigeuza, akaona uso wake ndani yake. "Hiki kioo," alisema. "Pepo haogopi kioo, anajitazamia. Anaogopa chuma. Chuma ni hiki kinachoshika kutu." Kisha akauliza, polepole, "Jana machungwa alikula ya kipi?"

"Alikula ya vyote," nilisema.

Huo ndio uongo niliousema katika habari hii. Ni mmoja tu. Sikuhitaji wa pili.

Kabla ya Magharibi nilikirudisha cheupe dukani, nikalipia cha kijivu. Yule mzee alikipokea, akakifungua, akalitazama bapa, akakifuta. Alinipa kichupa kidogo cha mafuta ya kupaka kile cha kijivu, akasema nikipake kila siku.

Nilikipaka kila siku. Mchana kilikuwa ghalani, jioni namenyea machungwa, kisha nakifuta, nakipaka mafuta, nakitia chini ya mto. Nilikuwa hodari wa kukitunza. Magunia yangu yaliongezeka na msimamizi akaacha kuniangalia. Na mke wangu alikula. Nilimpelekea kisahani, nikirudi kukichukua kilikuwa kitupu.

"Leo yakoje?"

"Mazuri."

"Hayana msumari?"

"Msumari umeshapona," alisema, akatabasamu kidogo. Nikaona afueni. Nilimwambia mwenzangu ghalani kwamba mke wangu anakula, na yeye akafurahi kwa kweli.

Huku akikonda. Bangili zilimtoka zenyewe mkononi, mama yake akazifunga katika kitambaa. Mimi nilisema ni ugonjwa unatoka, na mwili ukishautoa utarudi. Mtu akitaka kuamini haishiwi maneno.

Asubuhi moja, kabla sijatoka kwenda kazini, mama mkwe alitaka kugeuza mkeka. Tulimwinua mke wangu tukamlaza upande, nikauvuta mkeka kutoka ukutani. Baina ya mkeka na ukuta palikuwa na vipande vya machungwa. Vingi. Vya siku nyingi. Vya chini vimekauka vikawa kama ngozi, vya juu vibichi bado, na kila kimoja kina mstari mweusi pale kisu kilipopita. Chungu, wale sisimizi wa ukutani, walikuwa wamevijua kabla yetu. Alikuwa akivificha huko tunapompa mgongo, kipande kimoja kimoja, na maji yake tu labda akiyafyonza, sijui.

Mama mkwe alikaa chini. Aliokota kipande kimoja, akakinusa, akaugusa ule mstari kwa ncha ya ulimi wake. Mimi nilikuwa nimesimama na mkeka mkononi. Hakunitazama. Mke wangu alikuwa amegeuza uso.

Sikwenda kazini. Nilichukua kanzu yangu ya Idi, iliyokuwa ikining'inia kwenye kamba juu ya vichwa vyetu siku zote hizo, nikaiuza Darajani, nikaenda kwa yule mzee. Kisu cheupe kilikuwapo. Kilikuwapo tangu siku ile, katika karatasi ileile. Hakuna aliyekitaka. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba labda kimeuzwa, na nadhani sehemu yangu moja iliomba kiwe kimeuzwa.

Nilirudi nikamenya chungwa mbele yake, si nyuma ya pazia. Alikiona kisu.

"Umekipata," alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Nimekipata."

"Na magunia utakatia nini?"

Niliweka kipande mdomoni mwake. Alikifyonza kidogo, na koo lake likashuka mara moja. Kisha akakiacha kikae juu ya mdomo wa chini, kama mtoto aliyelala na chuchu. Mama yake akakiondoa.

"Zuri," alisema. "Kesho nitakula."

Kesho yake nilimenya jingine, na siku iliyofuata jingine. Mdomo haukufunguka. Siku ya tatu, jua limepanda, nilikuwa nimekaa uani na chungwa mkononi nimelimenya nusu, mama mkwe akaniita kwa jina langu, si "mwanangu" kama kawaida yake, nami nikajua.

Waliingia wanawake wa mtaa. Bibi mmoja jirani, aliyezoea kazi ya kuosha maiti wa kike, alimfunga kidevu, akamnyoosha miguu, akamfunika. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akasema, "Nipeni chuma." Kwetu chuma huwekwa juu ya tumbo la maiti lisije likafura kabla ya kuoshwa. Chochote, mkasi, kisu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kile cheupe mkononi, kimelowa maji ya chungwa. Nilikinyoosha.

Bibi alikitazama. "Si chepesi hicho? Hakuna kingine?"

Mama mkwe akapeleka mkono chini ya mto, akakitoa cha kijivu kilichofungwa, kimepakwa mafuta, hakina hata chembe ya kutu. Akamkabidhi. Kikawekwa juu ya tumbo ambalo halikuwa na kitu cha kufura. Kilikaa pale mpaka walipokuja na maji.

Tulimzika baada ya Alasiri. Wenzangu wa ghalani walikuja, pamoja na yule wa ubavuni, na walibeba jeneza kwa kupokezana mpaka makaburini Mwanakwerekwe, na njia nzima hakuna aliyeniambia neno la mzaha. Nililitamani.

Hitma ilipokwisha, mama mkwe alifunga kifurushi chake kurudi Makunduchi. Kabla ya kutoka alikiweka kile kisu cha kijivu juu ya kigoda, mbele yangu.

"Hiki chako. Hakikumzuia."

"Hakikumzuia, mama."

"Wewe ulikiamini?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angeondoka na hilo, na labda lingemfaa njiani.

"Sikukiamini," nilisema. "Nilikitaka kwa magunia. Na siku ile ya visu viwili, alikula ya cheupe tu."

Alisimama na kifurushi chake kichwani. Mtu angedhani atanilaani, na haki ilikuwa yake.

"Mimi nilikiamini," alisema. Akatoka. Hatukuonana tena mpaka alipofariki, na niliambiwa habari hiyo baada ya mazishi.

Siku hiyohiyo nilichukua chungwa, nikalimenya kwa kile cha kijivu, nikala. Sikuwa nimewahi kulionja. Siku zote zile, jioni baada ya jioni, nilimmenyea mke wangu machungwa na sikutia hata kipande kimoja mdomoni mwangu, kwa kuwa nilisema yote ni yake. Lilikuwa na ladha ya chuma kuanzia ncha ya ulimi mpaka kooni. Msumari. Hakukuwa na haja ya kuwa mgonjwa kuusikia. Nililila lote.

Kisu cheupe ninacho. Kimo ndani ya kasha pamoja na zile bangili zake, alizoniachia mama yake, na mpaka leo hakina doa. Yule mzee alisema kweli kuhusu vyote viwili.

Cha kijivu nilirudi nacho kazini, maana mtu mlangoni alikuwa bado amesimama. Nilikaa mahali pangu. Wachukuzi wakasimamisha gunia mbele yangu, nikashona, nikapiga fundo, nikakata. Nilikata nacho mpaka msimu ukaisha, na msimu uliofuata, na miaka mingine kadhaa, mpaka bapa likawa jembamba kama jani kwa kunolewa. Kilikata vizuri. Sijawahi kuwa na kisu kizuri kuliko kile.